Kicheko Kilifika Mukuku Kabla ya Wataalamu

Hotuba kwa wanafunzi wa chama cha sayansi, katika shule moja ya upili huku Ukambani, siku ya kufunga muhula

Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu, nanyi vijana mlioniandikia barua ile nzuri yenye muhuri uliopinda: hamjambo.

Barua iliniomba nizungumze juu ya umuhimu wa sayansi katika maisha ya kisasa. Nilifundisha fizikia miaka 31 kabla ya kustaafu, na hotuba yenye kichwa hicho nimeisikiliza mara nyingi, nikiwa nimeketi pale walipoketi walimu wenu, nikihesabu misumari ya mabati. Sitawatesa. Nataka tuzungumze juu ya kile kinachotutoka vidoleni habari ya sayansi inapoingia kwenye simu. Zile komenti. Zile sura za kucheka hadi machozi. "Wazungu wamekosa kazi." "Yesu yu karibu." "Na unga utashuka bei lini?"

Nianze na jambo mnalolijua kuniliko. Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, kijiji cha Mukuku katika Kaunti ya Makueni kiliangukiwa na pete ya chuma kutoka juu. Pete yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzani wa kilo 500 hivi. Ng'ombe dume mzima, kwa uzani. Siku ya Mwaka Mpya, Shirika la Anga za Juu la Kenya likatoa taarifa kwamba kwa uchunguzi wa awali hicho ni kipande cha roketi, ile pete ya kutenganisha sehemu moja na nyingine, na kwamba vitu kama hivyo kwa kawaida huungua vikirudi katika angahewa au huangushwa baharini mbali na watu.

Lakini picha zilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, taarifa ile ilikuwa bado haijafika, na tayari kesi ilikuwa imeamuliwa. Binamu yangu anayenunua chuma chakavu aliuliza swali moja tu: kilo ngapi? Shemeji yangu akasema hiyo ni pete ya uchumba ya jitu, posa imekataliwa mbinguni. Shangazi, ambaye hutuma sala kila asubuhi saa kumi na moja, aliandika sura ya Ufunuo bila maelezo. Kisha mtu mmoja, simtaji maana baba yake yuko hapa, akasema ni mchawi wa Kitui aliyekosea kutua.

Nilicheka hadi nikamwaga chai. Sioni haya kusema hivyo. Kuna wataalamu wanaochukia vicheko hivi, wanaandika makala marefu kwamba umma haujui sayansi, umma unafanya mzaha. Mimi nimesimama mbele ya darasa miaka mingi, na ninawaambia mwanafunzi anayetania somo hajalala. Utani huwa una swali ndani yake, limefichwa kama mfupa katika mchuzi.

Mchukueni binamu yangu. Kilo ngapi, anauliza, akiwaza bei. Swali lililo chini yake ni hili: kitu kikianguka kutoka angani kikatua shambani kwako, ni cha nani? Si swali la kijinga hata kidogo. Mkataba wa anga za juu wa mwaka 1967 unasema chombo kilichorushwa hubaki mali ya mwenyewe, hata kikirudi duniani kikiwa vipande. Kwa hivyo binamu yangu angeikata pete ile na kuipakia kwenye mkokoteni, angekuwa ameuza mali ya watu. Nilipomwambia, aliuliza: "Na wao wakitupa taka kwangu, mimi nawauzia nini?" Hapo ndipo akaufikia mkataba wa pili bila kujua, ule wa mwaka 1972, unaosema nchi iliyorusha chombo inawajibika kulipa hasara iliyotokea ardhini, hata kama haikufanya uzembe wowote.

Umewahi kutumika mkataba huo? Ndiyo. Tarehe 24 Januari 1978, setilaiti ya Umoja wa Kisovieti iitwayo Kosmos 954, iliyobeba mtambo wa nyuklia, iliangukia kaskazini mwa Kanada na kutawanya vipande vyenye mnururisho juu ya theluji. Kanada ilisafisha, ikapiga hesabu, ikadai dola milioni 6 za kwao na ushei. Mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa milioni 3. Nusu ya dai, baada ya miaka mitatu. Yeyote kati yenu ambaye mzazi wake amewahi kudai fidia ya shamba lililopitiwa na barabara ataona hapo hakuna jambo geni.

Swali jingine lililozunguka sana mitandaoni lilikuwa: mbona haijaungua? Watu walikuza picha, wakasema chuma hiki ni safi mno, kimetoka kwa fundi wa kuchomelea, sisi tunadanganywa. Wasomi wakawacheka. Basi ngojeni niwaambie. Jonathan McDowell, mwanaastronomia aliyekuwa akifanya kazi Harvard, Marekani, anayefuatilia kila kitu kinachorushwa na kinachoanguka, ambaye hakuna mwandishi wa habari za anga asiyemjua, alitazama picha zile zile na akasema naye haoni dalili za wazi za joto la kuingia angahewa. Akatilia shaka. Swali la mtu wa bodaboda na swali la mtu wa Harvard lilikuwa moja! Tofauti ni kwamba yule wa Harvard alilibeba akaenda nalo kazini siku ya pili.

Kitu kinachozunguka dunia kwa karibu huenda kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kikiingia hewani, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kukimbia. Inabanwa, na hewa ikibanwa inapata joto, kama mnavyosikia pampu ya baiskeli ikipata moto mkononi. Kwa hivyo mtu anayeuliza moto uko wapi ameuliza fizikia halisi. Wengine wakajaribu kulijibu kwa njia nyingine. Marco Langbroek wa Uholanzi, ambaye hufuatilia mizunguko ya setilaiti, alipiga hesabu akapendekeza kipande cha roketi ya Ariane 5 iliyorushwa Julai 2008, kilichokuwa kikizunguka huko juu zaidi ya miaka 16. Ni pendekezo, si hukumu. Lakini oneni jinsi lilivyojengwa: siku, saa, njia ya mzunguko, mahali.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana sikuja hapa kuwahubiria nikiwa safi.

Siku chache baada ya pete kuanguka, ilisambaa habari kwamba Kenya inaidai India fidia kwa sababu chuma kile ni cha roketi yao. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na nchi mbili, pesa, na sisi tukiwa wenye haki. Niliituma kwenye kundi la ukoo nikiongeza kwa majivuno ya mwalimu mstaafu: "Mnaona? Mkataba wa 1972!" Watu wakanipigia makofi ya simu. Shirika la Anga za Juu la Kenya likakanusha: uchunguzi unaendelea, na hakuna taarifa rasmi iliyoihusisha India wala safari yoyote ya anga.

Kinachouma si kukosea. Kinachouma ni kwamba ningeweza kugundua mwenyewe, kwa hesabu ya darasa la sita. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha. Ni kweli India ilirusha roketi siku hiyo hiyo ya tarehe 30 Desemba, ikibeba setilaiti mbili za SpaDeX, jaribio la kuunganisha vyombo viwili angani. Iliruka saa nne usiku kwa saa za India. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Toeni. Inakuwa saa moja na nusu usiku kwetu. Pete ilianguka Mukuku saa tisa alasiri. Wakati kuku wa Mukuku wanatawanyika kwa kishindo, roketi ya India ilikuwa bado imesimama wima Sriharikota, kituo chao cha kurushia, haijawashwa, ina saa nne na nusu za kusubiri.

"Babu," akaniambia, "kwa hivyo iliangusha kipande kabla ya kuondoka?"

Nimesahihisha mitihani ya watu maelfu. Siku hiyo mimi ndiye nilisahihishwa, jikoni, na mtoto wa kidato cha pili aliyekuwa akila ndizi.

Kilichonisumbua zaidi ni kilichofuata. Nilirudi kwenye kundi, nikaandika masahihisho, nikaeleza saa, nikaweka hadi mchoro. Mnajua nilipata majibu mangapi? Moja. Shangazi, "Amina." Kundi lilikuwa limeshahamia kwenye karo ya Januari. Pete ya Mukuku ilikuwa imekufa na kuzikwa, na kila mtu aliondoka matangani akiwa na toleo lake: mmoja ana mchawi, mmoja ana India, mmoja ana Ufunuo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kicheko hakina kosa. Kosa letu ni kuondoka mapema. Habari ya sayansi hufika ikiwa mbichi, na sisi huionja siku ya kwanza, tunatema, tunaenda zetu.

Msidhani ni ugonjwa wa simu, wala wa Waafrika. Mwaka 1979, kabla hata wazazi wenu wengine hawajazaliwa, chombo cha Marekani kiitwacho Skylab, kizito kuliko tani 70, kilikuwa kinaanguka na hakuna aliyejua hasa kitatua wapi. Wamarekani walifanya nini? Waliuza fulana zenye alama ya shabaha. Gazeti la San Francisco Examiner likaahidi dola 10,000 kwa mtu wa kwanza kuwaletea kipande. Tarehe 11 Julai chombo kikamwagika juu ya Australia Magharibi, karibu na mji wa Esperance, na kijana wa miaka 17 akaokota vipande nyumbani kwao, akapanda ndege, akachukua pesa zake. Baraza la Esperance nalo likaiandikia NASA faini ya dola 400 kwa kutupa taka ovyo. Huo ulikuwa mzaha mtupu. Lakini mzaha ule ulidumu miaka 30! Mwaka 2009 mtangazaji mmoja wa redio wa Marekani alichangisha wasikilizaji wake, akalipa. Hao hawakuondoka matangani. Walicheka wakabaki, na hadi leo mji ule una jumba la makumbusho lenye vipande vya Skylab. Mimi ningependa kuona pete ya Mukuku imewekwa mahali ambapo mtoto wa Mbooni anaweza kuigusa, lakini hiyo ni hotuba nyingine.

Kuna mwaka mwingine ambapo dunia nzima ilitucheka na kutuogopa kwa wakati mmoja. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya Narok. Vichwa vya habari vya ng'ambo vikapiga kelele kwamba Afrika inagawanyika mara mbili. Huku kwetu watu wakaulizana nani atabaki upande wa bahari na kama tutahitaji viza kwenda Kisumu. Wanajiolojia walipokwenda kutazama, wengi waliona ni maji ya mvua yaliyochimba udongo laini wa majivu ya volkeno, ambao ulikuwa tayari na mashimo chini. Bara letu linagawanyika kweli, kwa milimita chache kwa mwaka. Kucha zenu zinakwenda kasi zaidi. Ukitaka kuona mpasuko wa kweli, ni ule wa Dabbahu, Afar ya Ethiopia, Septemba 2005, uliofikia urefu wa kilomita 60 na upana wa mita 8 kwa siku chache tu. Huo haukupata vicheko vyovyote. Simu zilikuwa chache.

Mnakumbuka pia lile jiwe la angani, 2024 YR4? Liligunduliwa siku tatu kabla ya pete ya Mukuku kuanguka. Likasemwa lina uwezekano mdogo wa kuipiga dunia tarehe 22 Desemba 2032. Asilimia moja na kitu. Halafu mbili. Tarehe 18 Februari 2025 ikawa 3.1. Kila namba ilipopanda, mitandao ilichangamka: watu wakasema hawalipi mikopo, wengine wakauliza kama mtihani utaahirishwa. Kisha kabla mwezi haujaisha, namba ikaporomoka karibu na sufuri, na watu wakasema, "Si nilijua? Hawa wanabahatisha."

Hapana. Sikilizeni, hili nalipenda. Umepoteza mbuzi. Unachojua ni kwamba yuko ndani ya kata hii, na shamba la jirani yako mkorofi ni sehemu moja kati ya mia ya kata. Mtu anakuambia amemwona upande huu wa mto. Eneo la kutafuta limebaki nusu, na shamba la jirani bado limo. Sasa ni moja kati ya hamsini. Mwingine anasema ni upande huu wa barabara: moja kati ya ishirini na tano. Moyo unakudunda, unamwona jirani tayari anachinja. Lakini mbuzi hajasogea kwa jirani hata hatua moja. Wewe ndiye uliyepunguza mahali pa kutafuta. Kisha mtoto anakuja mbio, amemwona amefungwa kanisani. Nafasi ya jirani inaanguka hadi sufuri kwa pumzi moja. Namba ilipanda kwa sababu wataalamu walikuwa wanazidi kujua, na ikashuka kwa sababu hiyo hiyo.

Mjukuu wangu, yule wa ndizi, sasa ana daftari. Anaandika habari ya sayansi iliyowachekesha watu, tarehe yake, na tarehe ya siku arobaini mbele. Kama tunavyofanya arobaini ya marehemu. Siku ikifika, anaitafuta tena habari ile. Nilimcheka mwanzoni, kisha nikaanza kuyapima ya zamani. Mnaikumbuka LK-99? Tarehe 22 Julai 2023 kundi la watafiti wa Korea Kusini lilitangaza kitu kinachopitisha umeme bila upinzani wowote katika joto la kawaida la chumba. Video ya kijipande kinachoelea nusu ikazunguka dunia, nami nikamwambia mke wangu bili ya stima sasa imekwisha. Katikati ya Agosti, maabara kadhaa zilikuwa zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya maajabu yale ilitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba ndani yake. Arobaini haikufika. Lakini daftari lina mipaka. Mwaka 2011 watafiti wa OPERA, jaribio kubwa la fizikia huko Ulaya, walisema nyutrino, chembe ndogo mno, zimewahi kufika kabla ya mwanga, kwa nanosekunde 60. Iliwachukua miezi mitano kugundua waya wa nuru ambao haukuwa umekazwa vizuri. Waya! Fundi wa runinga wa sokoni angeanzia hapo.

Nimeacha komenti moja makusudi, ile ya unga, kwa sababu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Setilaiti yetu ya Taifa-1 iliporushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California, baada ya kuahirishwa kwa hali ya hewa, jirani yangu alisema imekwama foleni Mombasa Road. Tulicheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila mzaha: "Shilingi milioni 50 hivi. Na sisi hatujavuna." Alikuwa anasema kweli. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo katika sehemu kubwa za Kenya, Ethiopia na Somalia. Makueni mnajua, mlinunua maji kwa mtungi.

Wataalamu wengi hulijibu swali hilo kwa dharau, kama kwamba mwenye njaa hana haki ya kuuliza bei ya darubini. Mimi nilimjibu hivi. Kisanduku kile, kinachokaribia ukubwa wa mkate, kilitengenezwa kutazama mashamba na misitu. Na kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kiitwacho ICPAC, pale Ngong, hutegemea vipimo vya setilaiti kukadiria mvua mahali ambapo hakuna chombo cha kupimia. Kwa hivyo ukame ule ulionekana kutoka juu kabla ghala halijaisha. Alinisikiliza. Kisha akauliza, "Kama waliuona, mbona chakula kilichelewa?"

Sikuwa na jibu la fizikia kwa hilo. Sidhani lipo. Lakini oneni tulipofika: tulianza na foleni ya Mombasa Road, tukafika kwenye swali ambalo waziri angetokwa jasho kulijibu, kwa sababu tu watu wawili hawakuinuka kwenye benchi.

Mwalimu Mkuu anaangalia saa. Mimi pia nimemwona kijana mmoja kule nyuma, mwenye sweta lililotoboka kiwiko, amenyoosha mkono tangu nilipotaja kijana wa Australia na zile dola 10,000, na wenzake wanacheka. Waacheni wacheke. Simama, mwanangu, uliza.